Barua ya wazi kwa mapadri na Baraza la Parokia: wafungulieni mlango mama wabebaji wa Muhanzi

Bukavu, Kivu ya Kusini

Kwa: Mapadri wetu, wajumbe wa Baraza la Parokia, na viongozi wa mashirika

Kuhusu: Kufungiwa ukumbi kwa mama wabebaji na kunyamazishwa kwa kazi ya Haki na Amani parokiani

Waheshimiwa Baba zetu, ndugu wapendwa katika Kristo,

Yesu Kristo asifiwe.

Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Barua yetu ya kwanza ilipokelewa na katibu, ikagongwa muhuri, haikujibiwa. Iliyofuata tuliambiwa imepelekwa kwa wakubwa. Tulipoomba kuonana na Baraza tuliambiwa tungoje Pasaka ipite, na Pasaka ikapita. Jina la parokia hatulitaji hapa, wala la padri yeyote, maana hatutafuti kumwaibisha mtu. Ninyi wenyewe mnajua kuwa ndio mnaoandikiwa. Na kama kuna parokia nyingine, au kanisa la ndugu zetu Waprotestanti, litakalojiona humu, nalo lisome kama lake.

Kwa msomaji asiyeijua habari hii, nieleze kidogo.

Maboti ya Ziwa Kivu kutoka Idjwi na Kalehe yanapofika ufuko wa Muhanzi asubuhi, mama wabebaji wamekwisha kufika. Wanangoja mizigo: makala (yaani mkaa), ndizi, mihogo, maharage, nanasi. Mzigo unafungwa kwa kamba, kamba inapitishwa kwenye paji la uso, mgongo unainama, na safari ya kupanda kuelekea mtaa wa Kadutu inaanza. Wengi wanabeba mzigo unaoshinda uzito wa mwili wao. Ukitaka kumjua aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, mtazame anapofungua kitambaa cha kichwa: pale kamba inapokaa nywele zimekataa kuota, na ngozi imekuwa ngumu kama kisigino. Mvua ikinyesha, njia ya udongo inateleza, na anayeanguka na gunia hulipishwa makala yaliyomwagika.

Bei inapatanwa kule ufukweni, kwa mdomo tu. Huku juu kwenye depo, ghala la mwenye mali, ndiko inakobadilika. Mwenye mali anasema gunia limelowa, au amechelewa, au hana faranga ndogo, arudi kesho. Kesho anaambiwa hayo hayo. Tangu Februari 2025, mji ulipobadilika mikono na benki zikafungwa, imepatikana sababu mpya: pesa hazionekani. Kweli, pesa zimekuwa haba kwa kila mtu mjini. Lakini tumeona kwa macho yetu mama akipewa noti iliyochanika katikati, noti ambayo hakuna muuza unga atakayeipokea, na mwenye mali akijua hivyo wakati anamkabidhi.

Sisi watu wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani, tulianza na daftari. Wawili wetu walikaa Muhanzi asubuhi na kuandika: mzigo wa nani, umebebwa na nani, unakwenda depo gani, kwa bei gani. Mwenye mali alisomewa, akakubali. Mama asipolipwa, wazee wawili wa shirika walimwendea mwenye mali nyumbani, jioni, kwa heshima, bila kelele, wakamwomba amalize deni. Wengi walilipa. Wengine hata walituambia asante, kwa kuwa daftari lilimaliza ubishi. Jumamosi mama wale walikutana kwenye ukumbi wa parokia, wakasali, wakasoma Injili, wakaeleza wiki ilivyokwenda. Wachache waliochukizwa walikuja kwenu. Baada ya hapo ndipo mambo haya yalipoanza.

1. Ukumbi ulifungwa. Mtunza ufunguo aliagizwa asitupe tena. Hatukupewa barua wala sababu. Ukumbi huohuo unakodishwa kwa harusi, na siku za wiki unakaa mtupu. Mama wale sasa wanakutana nje, chini ya paa la mtu, na mvua ikija wanatawanyika.

2. Tangazo letu lilikataliwa. Tuliomba lisomwe mwisho wa Misa pamoja na matangazo mengine. Lilikuwa la mistari michache: kuwaomba waamini wenye biashara walipe wabebaji siku hiyohiyo, kwa bei waliyopatana. Tuliambiwa litawakwaza watu. Dominika hiyohiyo lilisomwa tangazo refu la kuwashukuru waliotoa mabati na sementi, majina yao moja baada ya jingine. Hatukatai washukuriwe, kwa sababu wametoa. Ila kati ya majina yale lilikuwamo la mtu ambaye ukurasa wa daftari letu unaonyesha anadaiwa na mama watatu, na wote watatu walikuwa wamekaa kanisani wakisikiliza.

3. Mahubiri yamekwepa jambo. Hili linatuuma kuliko la ukumbi. Kalenda ya Liturujia yenyewe hailikwepi: Dominika ya 26 ya Mwaka B, somo la pili ni Yakobo sura ya 5, pale anaposema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Lilisomwa Septemba 2024. Msomaji alilisoma vizuri, kwa sauti, na kwenye benchi za nyuma wanakokaa wabebaji kulikuwa kimya. Mahubiri yaliyofuata yalihusu zaka na ujenzi wa nyumba ya mapadri. Ya Yakobo hayakuguswa kabisa. Mama mmoja alituuliza akitoka kama kile kitabu kilikuwa kinasema juu yao au juu ya watu wa zamani.

Baba zetu, ninyi mmesoma kuliko sisi. Mnajua kwamba Kanisa linahesabu kuzuia ujira wa mfanyakazi kati ya dhambi zinazomlilia Mungu, pamoja na kumwaga damu isiyo na hatia. Mnajua kwamba Torati inataka kibarua maskini alipwe siku yake kabla jua halijatua. Mnajua kwamba mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika barua nzima juu ya wafanyakazi na ujira wa haki, na kwamba Papa wa sasa, Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025 aliwaeleza makardinali kuwa barua ile ni sababu kubwa ya kulichukua jina hilo. Mambo haya hatukuyaokota kwa wanaharakati wa mji. Tumeyapata katika katekisimu, tulikofundishwa na ninyi. Mtaani watu husema mnyonge hana haki, na katekisimu ilitufundisha kinyume chake.

4. Tume ya Haki na Amani ya parokia iko kwenye karatasi tu. Majina yapo, mikutano haipo. Tulipouliza ilikutana lini mara ya mwisho, katibu alifungua kitabu cha mihtasari, akakifunga.

5. Wafanyakazi wa parokia wenyewe. Mlinzi wa usiku na mama wa jikoni wanacheleweshewa mshahara, tena wanaogopa kusema. Hatutaongeza neno, wasije wakaumizwa kwa ajili yetu.

6. Tunaadhimisha mashahidi wa haki, kisha tunawafungia mlango wanaofanya kazi ileile. Kwa hili naomba mniruhusu niseme kwa urefu, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kila tarehe 29 Oktoba tunamkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, mtoto wa ardhi hii, aliyeuawa na askari hapa Bukavu mwaka 1996 maeneo ya Nyawera. Wakubwa walikuwa wanaondoka mjini. Yeye alibaki, akaendelea kusema kwa ajili ya wenyeji na kwa ajili ya wakimbizi kwa pamoja, jambo lililowaudhi wote waliotaka achague upande mmoja. Picha yake tunayo. Wimbo tunaimba.

Baada yake alikuja Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kutoka Butembo. Noeli ya 1999, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa RCD, aliandika barua ya kichungaji akakemea uporaji na mateso ya watu. Februari 2000 walimzuia kurudi jimboni mwake, wakamfukuzia Butembo. Waamini wa Bukavu hawakukubali. Walisali, waligoma, walidai Baba yao, na Septemba mwaka huo alirudi. Wengi wetu tulikuwa barabarani kumpokea, na wengine kati yenu mlikuwapo mkiwa vijana wa seminari. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, alifariki Roma. Mnapotuambia leo kwamba mwamini mwema anakaa kimya, mnatutaka tuisahau siku ile.

Na juzi tu, tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui wa Goma alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, kwenye Basilika ya Mtakatifu Paulo. Alikuwa kijana mlei wa Jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo, watoto wa mitaani wa Goma, aliyewakusanya ili wasome. Kazini kwake, kwenye ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, aliletewa rushwa ili chakula kilichooza kiruhusiwe kuingia sokoni. Alikataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tazameni jambo lenyewe lililomfikisha altareni: chakula cha watu wa kawaida, na muhuri ambao hakuuza. Ni mambo ya sokoni, ya bei na mizigo. Parokia ilipiga kengele kwa furaha siku hiyo, na ukumbi wa mama wabebaji ulikuwa bado umefungwa.

Bwana wetu aliwaambia viongozi wa wakati wake kwamba wanajenga makaburi ya manabii na kupamba maziko ya wenye haki. Tunaogopa neno hilo lisije likatupata sisi sote, sisi tunaoimba na ninyi mnaoongoza.

Sasa, tunajua mtakayotujibu, kwa kuwa mengine tumekwisha kuyasikia mlangoni.

Mtasema Kanisa halifanyi siasa. Bei ya kubeba gunia la makala ina chama gani? Isitoshe, Kanisa la nchi hii halijawahi kujitenga na maisha ya taifa. Askofu Monsengwo ndiye aliyeongoza Mkutano Mkuu wa Kitaifa wa kuitafutia nchi demokrasia, na ulipofungwa, Wakristo walitoka barabarani Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 wakiwa na rozari na misalaba, wakapigwa risasi. Maaskofu wetu ndio waliopatanisha wanasiasa hadi makubaliano ya uchaguzi ya tarehe 31 Desemba 2016. Makubaliano yalipovunjwa, walei waliitisha maandamano baada ya Misa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na kati ya waliouawa alikuwamo msichana aliyekuwa anajiandaa kuwa mtawa. Februari 2025 maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki wa nchi, na viongozi wa ECC, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti, walikwenda pamoja kwa wakubwa wa kila upande na mpango wao wa kijamii kwa ajili ya amani. Kama maaskofu wanaweza kukaa na wenye majeshi, Baraza letu haliwezi kukaa na wenye depo?

Mtasema wakati ni mbaya. Ni mbaya, nasi tunaishi humuhumu. Hatuombi kuandamana, hatuombi bendera wala kipaza sauti barabarani. Lakini "wakati si huu" ni neno ambalo maskini wameambiwa kila mahali. Aprili 1963 viongozi 8 wa dini wa jimbo la Alabama, Marekani, walitoa tamko kwamba maandamano ya Weusi mjini Birmingham hayakuwa ya busara wala ya wakati wake. Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, aliwajibu akiwa gerezani kwamba neno "ngoja" karibu siku zote limekuwa na maana ya "kamwe". Miaka 5 baadaye mchungaji huyohuyo alikwenda Memphis kusimama na wazoa taka waliogoma, baada ya wenzao wawili kupondwa na mashine ya lori la taka. Wazoa taka wale walikutana wapi? Makanisani. Waliingia wakiwa na nguo za kazi, wakasali, wakapanga. King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, na siku chache baadaye mji ulikubali kuwaongezea mshahara na kuutambua umoja wao. Nawataja hawa kwa kuwa kazi yao inafanana sana na ya mama zetu: ile kazi ambayo kila mtu anaihitaji na hakuna anayetaka kumtazama anayeifanya.

Mtasema, na hapa nitawashukuru mkisema wazi, kwamba parokia inategemea wafadhili hao kwa paa, kwa shule, kwa safari za wagonjwa. Tunaelewa. Padri naye hawezi kuishi kwa kula hewa, na sadaka za wabebaji haziwezi kununua bati. Lakini mfadhili aliye Mkristo kweli hataondoka kwa kuombwa alipe deni lake. Na yule atakayeondoka kwa sababu hiyo, bati zake zimenunuliwa kwa jasho ambalo hakulilipa, nasi tunasali chini yake.

Mtasema pia kwamba wabebaji wengi si wa parokia yetu. Ni kweli: wamo Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji na yeye mwenyewe mchungaji wa Kipentekoste, alipofungua milango ya hospitali ya Panzi hapa Bukavu mwaka 1999 hakuwauliza wanawake walioteswa walibatizwa wapi. Mji mzima ulijivunia alipopewa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Kile tunachokisifu kwake kinawezekana na kwetu, kwa kipimo chetu kidogo.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza, turudishiwe ukumbi siku ya Jumamosi, bila malipo, nasi tutaufagia na kuufunga. Pili, tangazo letu lisomwe Dominika tatu mfululizo, kwa maneno mtakayoyapitisha ninyi, mradi neno la kulipa siku hiyohiyo libaki. Tatu, Tume ya Haki na Amani iitishwe, iwekwe watu wapya, na wawili kati yao wawe mama wabebaji waliochaguliwa na wenzao. Daftari tutalikabidhi kwa Tume, lisiwe mali ya shirika letu. Nne, Baraza liwaite wenye depo walio waamini, faraghani, na padri awepo, wapatane na mama bei ya chini kwa kila njia: Muhanzi hadi Kadutu, Muhanzi hadi Nyawera, na kadhalika. Tano, mlinzi na mama wa jikoni walipwe malimbikizo yao, na asiwepo atakayeulizwa ni nani aliyesema.

Hatuombi mtu yeyote anyimwe Komunyo. Hatuombi majina yasomwe altareni. Yaliyomo kwenye daftari hatujayaonyesha kwa mtu wa nje, wala hatutayaonyesha.

Mkikubali kukutana nasi, tutakuja watu wachache: wazee wawili wa shirika na mama watatu. Mama wanaomba kikao kiwe mchana baada ya saa nane, wakati maboti ya asubuhi yamekwisha kupakuliwa, wasipoteze siku ya kazi. Tunangoja jibu la maandishi hadi Dominika ya kwanza ya Kwaresima. Lisipofika, tutaipeleka barua hii pamoja na nakala za zile za kwanza kwenye Tume ya Haki na Amani ya jimbo, kama taratibu za Kanisa zinavyoturuhusu, na Jumamosi tutaendelea kukutana pale nje.

Tunawaombea kila siku kwenye sala ya shirika, kwa majina yenu.

Wenu katika Kristo,

Mwamini wa shirika moja la Kadutu, kwa niaba ya wenzake na ya mama wabebaji walioomba barua hii iandikwe